Walio Pembezoni mwa Kiwambo

Filamu imekaa muda mrefu katika idara za fasihi kama mtoto wa kambo wa tamthilia. Hutajwa mihadharani, hutolewa mifano, lakini aghalabu haikaribishwi kitini. Hata pale mhakiki anapoishughulikia, huishughulikia kana kwamba ni kitabu kilichopotea kurasa zake: huuliza dhamira, huorodhesha wahusika, kisha huona kazi imekwisha. Si ajabu, basi, kwamba baadhi ya maoni yenye uzito kuhusu filamu nchini Kenya hayatoki kwa wahakiki bali kwa watazamaji waliolipa viingilio vyao miaka nenda miaka rudi bila ya kuandika hata ukurasa mmoja. Makala haya yanamhusu mmoja wao.

Ni mwalimu mstaafu wa shule ya upili, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Nairobi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Amefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini na hajapata kusomea filamu mahali popote. Alicho nacho ni kanuni moja, ambayo wanafunzi wake wa zamani humtania kwayo hadi leo: ukitaka kuujua ukweli wa filamu usimtazame anayezungumza, mtazame aliye pembeni. Mwigizaji mkuu hulipwa ili aseme yale ambayo mwelekezi anataka yasikike. Lakini yule aliyesimama mlangoni na sinia, yule anayefagia uani huku wapenzi wakiagana, yule dereva ambaye kisogo chake tu ndicho kinachoonekana, hao hawakuandikiwa neno, na kwa hivyo hawakuandikiwa uongo.

Kanuni hii aliipata mwaka 1986, wakati Nairobi nzima ilipokuwa ikizungumza juu ya *Out of Africa*. Filamu hiyo ya Sydney Pollack ilipigiwa picha nchini Kenya, ikatolewa Desemba 1985, na mwezi Machi uliofuata ikanyakua Oscar saba, ikiwemo ile ya filamu bora. Mwalimu aliitazama mara tatu katika wiki moja. Mara ya kwanza aliitazama kama walivyoitazama wengine wote: milima ya Ngong, ndege ya Robert Redford angani, muziki wa John Barry unaoweza kumliza mtu asiye na msiba. Mara ya pili alianza kuona watu. Farah, msimamizi wa nyumba, anayeigizwa na Malick Bowens wa Mali, anajua kila siri ya bibi yake, lakini filamu haioni haja ya kueleza yeye mwenyewe anaota nini. Kamante, mtoto mwenye kidonda mguuni, anatibiwa, anakuwa mpishi, anarudi jikoni. Mara ya tatu mwalimu hakumtazama Meryl Streep hata kidogo.

Ifahamike kwamba yeye si miongoni mwa wale wanaoibeza filamu hiyo kwa sentensi moja kisha wakajipongeza. Anaipenda, na hukiri hivyo bila ya kuona haya. Linalomuudhi ni kwamba nafasi ilikuwapo. Mwaka 1975, miaka kumi kamili kabla ya filamu kutoka, masimulizi ya Kamante mwenyewe yalikuwa yamekwisha chapishwa katika kitabu kilichokusanywa na Peter Beard. Mtu wa pembeni alikuwa amesema, tena kwa kinywa chake. Waliotengeneza filamu walikuwa na masikio mawili, wakatumia moja.

Yamkini jicho hili la pembeni lina asili ya mbali zaidi kuliko 1986. Utotoni mwake, mwishoni mwa miaka ya hamsini, Mombasa ilikuwa mji wa sinema. Filamu za Kihindi zilijaza kumbi, na nyimbo za *Awara* ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka 1951, ziliimbwa mitaani na watu wasiojua neno moja la Kihindi. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, kama ilivyokuwa ada katika miji mingi ya pwani, na shangazi yake hakukosa hata moja. Usiku, baada ya chakula, shangazi alikaa ukumbini akaisimulia filamu nzima kwa wale ambao hawakwenda. Alisimulia nani alilia na nani alimnyang'anya nani mke, lakini alisimulia pia mengine: pazia la chumbani lilikuwa la rangi gani, mtumishi alikunja uso vipi alipoitwa, jirani alikuwa akichungulia wapi. Mwalimu alizijua filamu nyingi kwa njia hiyo kabla ya kuziona. Anasema alipokuja kuziona baadaye baadhi zilimvunja moyo, kwa sababu mwelekezi wa Bombay hakuwa na jicho la shangazi yake.

Ni ajabu, kwa hivyo, kwamba mtu aliyelelewa na msimulizi wa namna hiyo aliishi kwa miaka mingi akiwadharau wasimulizi waliokuja baadaye. Vibanda vya video vilipoenea mitaani Nairobi, vikionyesha filamu za Marekani, Hong Kong na India kwa shilingi chache, wakazuka mabingwa wa kuzisimulia kwa Kiswahili na Sheng' juu ya sauti za wahusika. Mashuhuri wao nchini Kenya ni DJ Afro. Tanzania ilikuwa na Lufufu wake, na Uganda ina VJ Jingo anayesimulia kwa Kiganda. Kwa mwalimu hili lilikuwa tusi. Alisema kwamba msimulizi humziba mwigizaji mdomo, huingiza mzaha pasipo na mzaha, humpa jasusi wa London jina la mtu wa Gikomba, na humwibia mtazamaji kimya, ilhali kimya ndicho kitu adimu kuliko vyote katika filamu. Hoja hii si dhaifu. Mtu akiisikiliza filamu ya mapigano iliyosimuliwa kibandani atagundua kwamba hapana nukta iliyoachwa wazi: msimulizi akikosa la kusema husifu viatu.

Lakini ilikuwa hoja ya mtu mwenye macho mazima.

Kuhusu filamu za Kenya zenyewe, maoni yake hayana mpango, naye haoni kwa nini yawe nao. *Kolormask* ya Sao Gamba (1986) anaiheshimu kama mtu anavyomheshimu mkubwa wake: kwa sababu ilitangulia. *Saikati* ya Anne Mungai (1992) huipa nafasi kubwa zaidi. Kisa cha msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa kimesimuliwa mara nyingi katika fasihi ya shule, na huenda kimechosha. Lakini anasisitiza kwamba Mungai alifanya jambo ambalo Pollack hakulifanya, yaani alimchukua msichana ambaye katika filamu za wageni angekuwa amesimama nyuma ya ng'ombe kwa sekunde mbili, akamweka katikati ya kiwambo na kumwacha hapo. *The Battle of the Sacred Tree* ya Wanjiru Kinyanjui (1995), ambamo wanawake wa kanisa wanataka kuukata mugumo, humchekesha hadi leo, na kwake kucheka ni sifa kubwa.

*Nairobi Half Life* ya David "Tosh" Gitonga (2012) ndiyo iliyomtikisa. Kijana Mwas anauza kanda za filamu za kigeni kijijini, na ili aziuze huziigiza hadharani, sauti zote, bunduki zote, kabla ya kwenda mjini kutafuta uigizaji na kuangukia mikononi mwa wezi. Joseph Wairimu alituzwa katika tamasha la Durban kwa uigizaji huo. Wahakiki wengi waliizungumzia kama filamu ya uhalifu na ya mji unaomeza watoto wa mashambani. Mwalimu anaona kwamba kiini chake kiko katika zile dakika za mwanzo, pale kijana anaposimama mbele ya watu akiisimulia filamu ambayo hao hawataiona vinginevyo. Yaliyofuata yote, wizi, polisi, jukwaa, ni ya kijana aliyekuwa fanani kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Alipolisema hili kwa mara ya kwanza, mkewe alimwuliza iwapo huyo Mwas hakuwa mtu wa kibandani. Mwalimu alinyamaza. Mkewe husema hicho ndicho kimya adimu kuliko vyote.

*Rafiki* ya Wanuri Kahiu alikwenda kuitazama kwa ukaidi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes, mwaka 2018, na ilipigwa marufuku nyumbani hata kabla ya kuonyeshwa huko. Septemba ya mwaka huo Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikafurika. Hukumu yake ilikuwa fupi: rangi nzuri, mapenzi ya haraka mno, na umbea wa mtaa uliosawiriwa vizuri kuliko wapenzi wenyewe. Alishangaa zaidi kwamba taifa lilihitaji siku saba kuamua jambo ambalo mama muuza chakula katika filamu hiyo angeliamua kwa kutupa jicho moja.

Katika *Supa Modo* ya Likarion Wainaina (2018) alilia, nalo hapendi kulieleza. Kijiji kizima kinajitolea kutengeneza filamu kwa ajili ya msichana mgonjwa anayependa mashujaa wenye nguvu za ajabu. Wale ambao katika filamu nyingine wangekuwa pembeni wanaingia wote kwa pamoja mbele ya kamera, kila mmoja na sababu yake. Hapo kanuni yake haikuwa na kazi, naye hakusikitika.

Filamu za hali halisi ndizo anazozitazama kwa hadhari kubwa zaidi. Husema kwamba mtengenezaji wa filamu ya kubuni akidanganya amefanya kazi yake, lakini yule wa hali halisi akidanganya ametumia uso wa mtu ambaye kesho atakutana na majirani. Kwa kipimo hicho *The Letter* ya Maia Lekow na Christopher King (2019) ndiyo bora aliyoiona. Kijana Karisa anarudi kijijini Pwani baada ya bibi yake kutuhumiwa uchawi na watu wa ukoo wake mwenyewe, na polepole inadhihirika kwamba nyuma ya tuhuma kuna ardhi. Filamu nyingine ingemkimbilia mchawi, hii inamngoja. Mwalimu, ambaye ni mtu wa Pwani na anajua jinsi neno hilo linavyoweza kumgeuza ajuza kuwa marehemu, alivutiwa na namna kamera inavyokaa na jamaa wanaotuhumu bila ya kuwapigia kelele. Wanapewa nafasi ya kueleza sababu zao, na sababu hizo zinapolala juani huanza kunuka zenyewe.

*Softie* ya Sam Soko (2020), juu ya mwanaharakati Boniface Mwangi na mbio zake za ubunge za mwaka 2017, aliitazama kwa ajili ya mke wa mwanaharakati. Anadai kwamba hiyo ni filamu ya Njeri iliyopewa jina la mumewe kwa makosa. Hapa pengine anatia chumvi. Lakini ni kweli kwamba swali zito kuliko yote katika filamu ile, yaani nchi huja kabla ya familia au baada, haliulizwi barabarani penye mabomu ya machozi bali nyumbani, na anayeliuliza ni yeye. *Our Land, Our Freedom* ya Meena Nanji na Zippy Kimundu (2023), inayomfuata Wanjugu Kimathi akiyatafuta mabaki ya baba yake aliyenyongwa Kamiti Februari 1957, aliiona akiwa amekaa safu ya mwisho.

Kukaa safu ya mwisho lilikuwa jambo geni. Kwa miaka arubaini alikuwa mtu wa safu ya tatu, mahali ambapo kiwambo humfunika mtazamaji kama shuka. Kisha akaanza kujikwaa ngazini. Akawa hawaoni watu wanaomsalimu kutoka ubavuni, hata mtaani wakasema mwalimu siku hizi anajivuna. Daktari alimpima, akamwambia ni glakoma, presha ya macho, ambayo huanza kwa kumla mtu pembeni na kumwachia katikati. Sehemu iliyokwisha kufa hairudi, dawa ya matone huchelewesha tu kilichobaki. Ni ugonjwa usiouma, ndiyo maana huchelewa kugunduliwa. Mwalimu alisikiliza, akauliza swali ambalo daktari hakulielewa: pembeni zote mbili?

Safu ya tatu haikumfaa tena, kwa kuwa kutoka pale alikuwa akiona pua ya mwigizaji na si zaidi. Akarudi nyuma safu kwa safu, maana kadiri mtu anavyokwenda mbali ndivyo kiwambo kinavyokuwa kidogo na kutosha katika tundu lililobaki. Safu ya mwisho nayo ikawa haitoshi. Ikamlazimu kufanya jambo alilolilaani hadharani mbele ya wanafunzi: kutazama filamu kwenye simu. Kwenye kioo cha simu, kilichoshikwa kwa urefu wa mkono, fremu nzima huingia. Tatizo ni kwamba wale watu wa pembeni huwa wadogo kama sisimizi, na mwenye sinia hajulikani amebeba sinia au mtoto.

Hapo ndipo alipoingia mjukuu wake, msichana wa gredi ya nane. Kwanza alimsaidia kushika simu. Kisha akaanza kumwambia.

"Babu, kuna mtu mlangoni."

"Amevaa nini?"

"Kanzu. Lakini hajaingia, anasikiliza tu."

"Wao wanajua yupo?"

"Hawajui."

Filamu waliyokuwa wakiitazama ilikuwa *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021 na kuwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar mwaka uliofuata. Mwalimu aliifundisha riwaya ya Adam Shafi tangu ilipochapishwa mwaka 1999, na alikuwa na mashaka nayo kabla ya kuiona. Riwaya ile ina pumzi ndefu. Yasmin anaozwa kwa Raza aliye rika la babu yake, anamtoroka, anapokewa na Mwajuma, anakutana na Denge aliyezama katika siasa za kupinga ukoloni. Anavuka bahari, anarudi. Nyuma yao kuna Koplo Matata anayenusa kila kichochoro. Filamu isiyofika dakika mia haiwezi kuyabeba yote hayo, na Shivji hakujaribu. Alichagua vivuli, nyimbo na nyuso. Mwalimu analalamika kwamba ucheshi wa Adam Shafi umeachwa bandarini. Hata hivyo alisikia Kiswahili cha Unguja kikitoka katika kiwambo bila ya kuombewa radhi, na hilo, kwa mtu aliyezoea kusoma tafsiri za Kiingereza chini ya picha, lilimfanya amwombe mjukuu anyamaze kidogo.

Akanyamaza. Baada ya dakika mbili babu akamwambia aendelee.

Tangu hapo hamsemi vibaya DJ Afro. Hajaungama kwamba alikosea, na huenda hakukosea. Bado anaamini kwamba kimya kina haki yake. Lakini amekubali kwamba swali si kama filamu isimuliwe au isisimuliwe, bali msimulizi anamwona nani. Yule wa kibandani humwona shujaa, humfuata tangu anaposhuka garini hadi anapoua adui wa mwisho. Shangazi yake alimwona mtumishi. Mjukuu, anasema kwa fahari isiyofichika, amemrithi shangazi ambaye hakumwona.

Msichana naye ana filamu zake. Alimpeleka babu kutazama *Mufasa*, ile ya Desemba 2024, na mzee alitoka na malalamiko mawili. La kwanza ni la zamani: tangu 1994 simba hawa wana majina ya Kiswahili, na maneno "hakuna matata" yalisajiliwa Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya kampuni, lakini wenyewe hawajui kuomba maji kwa lugha hiyo. La pili ni jipya na lina uzito zaidi. Katika filamu iliyotengenezwa na kompyuta, alisema, hapana mtu wa pembeni. Kila unyasi umewekwa na fundi, kila ndege ameamriwa apite. Hakuna kibarua aliyesahau akapiga miayo nyuma ya malkia. Mjukuu alimwuliza anajuaje, naye haoni pembeni. Walicheka hadi kituo cha matatu.

Juu ya filamu zijazo hazungumzii matangazo. Anavichukia vionjo vinavyomwaga kisa kizima kwa dakika mbili, na tangu zamani alikuwa akifumba macho vinapoonyeshwa; sasa, asema, Mungu amemrahisishia. Zinazomshughulisha ni zile ambazo hakuna aliyetangaza. *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kenya, ni filamu ya safari iliyo tayari: Kongowea Mswahili anatoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba, na barabara yenyewe inabadilika rangi dirishani. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980) angependa ianzie ndani ya nyumba ya Maksuudi, kamera isitoke hadi Maimuna atoke, hata kama ni nusu saa na watu wakinung'unika. Na Biti Kocho, yule mkunga, asipewe mwigizaji mzuri wa sura. Haya ameyaandika katika daftari la mjukuu, kwa herufi kubwa, mistari ikipanda na kushuka.

Mwezi uliopita aliomba waitazame *Out of Africa* kwa mara nyingine. Alitaka kumwonyesha msichana jinsi kanuni yake ilivyozaliwa. Walikaa sebuleni, simu imeegemezwa kwenye birika, yeye akiwa ameinama kuitazama kama fundi wa saa. Msichana alimweleza wapagazi, alimweleza watoto, alimweleza mikono inayoondoa sahani. Walipofika mahali fulani karibu na katikati, babu alimwambia asimamishe, arudishe nyuma kidogo, atazame upande wa kushoto.

"Hakuna mtu, babu."

"Yupo. Alikuwapo mwaka 1986."

Alirudisha tena, akatazama. Alisema kuna ukuta, na kivuli, na labda ua.

"Ngoja," alisema babu. "Atapita."

Msichana akasogeza kiti karibu, akangoja.